Mafunzo Niliyopata Nikiimba Sauti ya Tatu

Naimba sauti ya tatu, yaani tena, katika kwaya ya usharika wetu mjini Moshi, na sauti hiyo nimeiimba tangu ujana, sauti yangu ilipovunjika. Kwa muda mrefu sikujiuliza jina hilo limetoka wapi. Tena palikuwa mahali pa kusimama: kinamama wa soprano na alto mbele, sisi nyuma yao, besi pembeni mwetu. Baadaye nikaanza kusikiliza rekodi za opera, nikaona neno hilohilo likitajwa kwa heshima kubwa duniani, nikataka kujua asili yake. Nimesoma historia ya muziki, nimekaa na walimu wa sauti, nimesikiliza waimbaji wa zamani na wa sasa. Niliyoyapata yamebadilisha namna ninavyoimba kila Jumapili, na nayaandika kwa ajili ya kila mwanamume aliyewahi kuambiwa "wewe nenda kwa tena" bila kuelezwa anakwenda kufanya nini.

1. Kazi ya kwanza ya tena ilikuwa kushikilia

Jina hili limetokana na kitenzi cha Kilatini tenere, yaani kushika. Mwishoni mwa karne ya 12, waimbaji wa kanisa kuu la Notre-Dame mjini Paris walikuwa wakiupamba wimbo wa zamani wa ibada kwa kuuongezea sauti nyingine juu yake. Watunzi wawili wa kazi hiyo ambao majina yao yamehifadhiwa ni Léonin na Pérotin. Wimbo wenyewe ulikabidhiwa sauti ya chini. Sauti hiyo ilichukua silabi moja na kuishikilia kwa muda mrefu sana, huku za juu zikizunguka na kujipamba kwa madaha. Sehemu iliyoushika wimbo ndiyo iliyoitwa tenor.

Anayetaka kuelewa jambo hili kwa masikio yake asikilize Viderunt omnes ya Pérotin, wimbo wa sauti nne unaohusishwa na Krismasi ya mwaka 1198. Sauti tatu za juu zinapokezana vipande vifupi vyenye mdundo wa kuchangamka. Chini yake kuna noti moja ambayo haiendi popote. Inakaa pale mpaka unaisahau. Kisha silabi inabadilika, ile noti ya chini inahama hatua moja, na papo hapo kila kilichoko juu yake kinageuka rangi. Mara ya kwanza nilipolisikia badiliko hilo niliirudisha rekodi nyuma nikalisikiliza upya, kwa sababu nilikuwa nimemsikia mtu wa safu yangu, wa zaidi ya miaka 800 iliyopita, akifanya kazi yake.

Mwalimu wetu wa kwaya hazungumzi Kilatini. Lakini hakuna mazoezi yanayopita bila kusema, "Tena, shikilieni! Msiachie mpaka nikate!" Anatuita kwa kazi iliyotupa jina.

2. Majirani zetu walipewa majina kwa kupimwa na sisi

Katika karne ya 14 watunzi waliongeza sauti iliyotembea katika kimo kilekile cha tena na kuvuka njia yake mara kwa mara. Waliiita contratenor, yaani sauti ya kukabiliana na tena. Misa ya Guillaume de Machaut wa Ufaransa, iliyo ya sauti nne, ina sehemu hiyo. Karne iliyofuata contratenor iligawanywa mara mbili: ya juu ya tena ikaitwa contratenor altus, na ya chini yake contratenor bassus. Majina yakafupishwa kwa matumizi. Altus ikawa alto, bassus ikawa besi. Sauti iliyopaa kuliko zote Waitalia wakaiita soprano, kutokana na neno lao lenye maana ya juu.

Hapo nilipata jibu la swali lililokuwa limenisumbua. Alto maana yake ni ya juu, mbona kwenye kwaya zetu ndiyo sauti ya chini ya kinamama? Ni kwa sababu waliotoa jina hilo hawakuipima na soprano. Waliipima na tena, na kwa tena kweli alto iko juu.

Tangu nilipojua hivyo nimeyaona mazoezi kwa jicho jingine. Mwalimu wetu akitaka kurekebisha wimbo uliolegea, huzima kinanda na kuanza na tena peke yetu. Mara nyingi noti yetu mwishoni mwa mstari ni soh. Soprano wanashuka kutoka re kwenda doh, besi wanaruka kutoka soh kwenda doh, alto wanatoka te kwenda doh, au wanatoka fah kwenda me, na sisi tunabaki soh palepale. Kwenye karatasi inaonekana kama hatufanyi lolote. Lakini soh hiyo ikishuka hata kidogo, kwaya nzima inashuka nayo, na ubeti wa nne unaanza chini ya ufunguo tuliopewa. Noti isiyohama ndiyo ngumu kuliko zote kuitunza, kwa sababu hakuna anayekukumbusha iko wapi isipokuwa sikio lako.

3. Wimbo ulikaa kwetu kabla ya kuhamia kwa soprano

Hili linatugusa hasa sisi Walutheri. Mwaka 1524, kule Wittenberg, Johann Walter alichapisha kitabu cha nyimbo za kwaya ambacho Martin Luther alikiandikia dibaji. Katika sehemu kubwa ya nyimbo hizo, sauti ambayo watu wanaijua, ile ambayo muumini angeiimba akiwa shambani, iko kwa tena. Soprano, alto na besi wanaizunguka. Desturi ya Notre-Dame ya kumkabidhi tena wimbo wenyewe ilikuwa bado hai.

Mwaka 1586 mchungaji mmoja wa Ujerumani, Lucas Osiander, alitoa nyimbo na zaburi 50 zilizopangwa kwa namna nyingine. Aliuweka wimbo kwenye sauti ya juu kabisa, ili usharika wote uusikie waziwazi na kuimba pamoja na kwaya. Mpango huo ndio ulioenea, na ndio unaotumika katika vitabu vyetu vya nyimbo mpaka leo.

Naheshimu uamuzi ule. Aliyefikiriwa kwanza ni muumini aliyekaa kwenye benchi, na sifa ya mwimbaji ikaja nyuma. Kwa hiyo najifunza wimbo wa soprano hadi niujue kwa moyo, hata kama sitauimba. Najua wapi wanavuta pumzi na wapi neno zito linaangukia. Tena anayejua yeye anausaidia wimbo gani, huimba sehemu yake kwa kipimo kinachofaa.

4. Tena alichelewa kuwa shujaa wa opera

Leo ukisema opera, wengi wanamfikiria mwanamume wa sauti ya tena akiimba mapenzi kwa nguvu zote. Haikuwa hivyo siku zote. Orfeo ya Claudio Monteverdi, iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607, ilimpa mhusika mkuu sauti ya kimo cha tena. Lakini baada ya hapo, kwa zaidi ya karne moja, nyota wa opera ya Kiitaliano walikuwa matowashi: wanaume waliohasiwa utotoni ili sauti zao zisivunjike. Maarufu kuliko wote alikuwa Carlo Broschi, aliyejulikana kama Farinelli. Mashujaa na wapenzi waliimbwa na watu hao. Tena aliachiwa wafalme, akina baba na wazee.

Baadhi ya watunzi waliiona hazina iliyokuwa ndani ya sauti hiyo. George Frideric Handel, katika Tamerlano ya mwaka 1724 mjini London, alimwandikia tena Francesco Borosini nafasi ya Bajazet, sultani aliyetekwa, na mauti ya sultani huyo yanatetemesha mwili hata leo. Mozart alimpa Anton Raaff, tena mwenye umri wa miaka 66, nafasi ya mfalme Idomeneo mjini Munich mwaka 1781. Mwana wa mfalme aliimbwa na towashi.

Siwezi kuisimulia historia hii bila kusema kwamba kuwahasi watoto kwa ajili ya muziki ulikuwa ukatili. Towashi wa mwisho aliyeacha rekodi, Alessandro Moreschi wa kwaya ya papa, alirekodiwa mwaka 1902 na 1904. Sauti yake bado inasikika, na mimi huisikiliza kwa huzuni. Desturi hiyo ilipofifia katika karne ya 19, jukwaa lilimgeukia mwanamume ambaye sauti yake ilikuwa imevunjika kama ya wanaume wote, naye akapewa nafasi ya shujaa.

5. Sifa ya noti ya juu ni ya juzi, na iliwagharimu watu

Solfa tuliyoletewa na wamisionari, ile iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza, ina doh inayohama kulingana na ufunguo. Kwa Waitalia na Wafaransa, do haihami. Daima ni C. Wanaposema do ya juu ya tena, wanamaanisha noti moja maalumu, ambayo nyuzi za sauti za mwimbaji hufunga na kufunguka takriban mara 523 kwa sekunde moja.

Hadi miaka ya 1820, tena alizifikia noti za juu kama hiyo kwa sauti nyepesi ya kichwani. Adolphe Nourrit, aliyekuwa tena mkuu wa Opera ya Paris, aliimba hivyo alipomwigiza Arnold kwa mara ya kwanza katika Guillaume Tell ya Gioachino Rossini mwaka 1829. Mfaransa mwenzake, Gilbert Duprez, alikuwa amekwenda kujiendeleza Italia. Mwaka 1831, mjini Lucca, aliiimba nafasi hiyohiyo na kuitoa do ya juu kwa sauti nzito ya kifuani. Mwezi Aprili 1837 aliirudia mjini Paris, na watazamaji wakapagawa. Rossini mwenyewe hakuupenda mlio huo, lakini umma ulikuwa umeamua.

Nourrit alikuwa amejiuzulu Duprez alipoajiriwa. Alikwenda Italia, akajaribu kuijenga upya sauti yake kwa namna mpya, akapoteza ule ulaini uliompa jina, afya na moyo vikavunjika. Alijiua mjini Naples Machi 1839, akiwa na umri wa miaka 37. Duprez naye hakusalimika kabisa. Sauti yake ilichakaa mapema, akaondoka jukwaani na kufundisha, akaishi hadi mwaka 1896 akiwa mwalimu wa kuheshimika.

Habari hii huikumbuka kwenye mashindano ya kwaya. Namwona kijana wa tena, mishipa ya shingo imemtoka, kidevu amekiinua, anaipigania noti ya mwisho huku wenzake wakimshangilia. Ningependa amjue Nourrit. Ushindani wa noti ya juu ulianza miaka ya 1830. Jina la sauti yetu, pamoja na kazi ya kushikilia, vilikuwapo zaidi ya miaka 600 kabla yake.

6. Kusikika hakutokani na kupiga kelele

Mwimbaji wa opera hana maikrofoni. Mbele yake kuna orkestra ya watu wengi, na bado anasikika hadi viti vya nyuma. Nilitaka kujua anawezaje.

Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Manuel García, alitumia vioo viwili vidogo na mwanga wa jua kuziona nyuzi zake za sauti zikifanya kazi kooni. Tangu hapo koromeo la mwimbaji likawa jambo la kuchunguzwa kwa macho. Katika karne ya 20 mtaalamu wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza siri ya kusikika. Nguvu kubwa ya sauti ya orkestra iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na juu zaidi inapungua sana. Mwimbaji aliyefunzwa hushusha koromeo kidogo na kuliacha koo wazi, na hapo sauti yake inapata mkusanyiko wa nguvu karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo orkestra imelegea na sikio la binadamu ni kali. Anapita pale penye nafasi.

Mwalimu aliyenifundisha jambo hili alinianzishia kwa sauti ambayo Mswahili anayo tangu kuzaliwa: ng', ile ya ng'ombe. Unaishikilia ng' kwa noti ya katikati, midomo imelegea, mpaka uhisi mtetemo puani na kwenye mifupa ya uso. Kisha unaifungua taratibu iwe aa, bila kuuacha ule mlio upotee. Mwanzoni inafunguka na mlio unazimika. Baada ya mazoezi ya kudumu, ng' na aa zinakaa mahali pamoja, na sauti inakuwa na ncha bila jasho. Aliniambia pia kwamba irabu zetu tano zilizo safi ziko karibu sana na za Kiitaliano, kwa hiyo Mswahili anayejifunza kuimba ameanza safari akiwa na akiba.

Pumzi nayo ilikuwa somo la peke yake. Unalala chali, mkono tumboni, unavuta pumzi mpaka tumbo na mbavu za chini vipanuke, mabega yakiwa yametulia. Halafu unatoa "sss" ndefu, nyembamba, isiyoyumba. Ukiweza kuitawala pumzi hiyo, noti ndefu ya mwisho wa wimbo haitakutisha.

7. Tena si wa aina moja, na sauti ipewe muda ijionyeshe

Kwenye opera, tena ni familia. Yuko mwepesi anayekimbia na noti nyingi za Rossini, yuko wa sauti ya mahaba, yuko mwenye uzito wa kusukuma juu ya orkestra kubwa, na yuko yule ambaye Wajerumani humwita tena wa kishujaa, anayeimba kazi za Richard Wagner. Kumpa mwepesi kazi ya mzito ni kumuumiza.

Na aina ya sauti haijulikani siku moja. Lauritz Melchior wa Denmark, aliyekuja kuwa bingwa wa Wagner, alianza jukwaani kama baritoni mwaka 1913 kabla ya kugeukia tena. Plácido Domingo alifanyiwa usaili Mexico mwaka 1959 akiimba kama baritoni, na waliomsikiliza wakamwambia yeye ni tena.

Kwaya zetu nyingi hazina tena wa kutosha, na kijana yeyote aliyevunja sauti majuzi husukumwa kuziba pengo. Namna niliyofundishwa ya kumpima ni hii: usimwulize anafika juu kiasi gani. Msikilize akiimba ubeti mzima, uone ni noti zipi anakaa nazo bila kuchoka, na ni wapi sauti yake inaanza kugeuka anapopanda. Hizo ndizo zitakazokuonyesha nyumba yake. Akichoka baada ya ubeti mmoja wa sauti ya tatu, mwache aimbe besi au mstari wa kati mpaka koo likomae.

8. Hata bingwa alitoka kwenye kwaya

Luciano Pavarotti alizaliwa Modena mwaka 1935. Baba yake, Fernando, alikuwa mwokaji mikate na tena wa kwaya, na baba na mwana waliimba pamoja katika kwaya ya mji wao. Mwaka 1955 kwaya hiyo ilikwenda kwenye tamasha la Llangollen nchini Wales, ikashinda zawadi ya kwanza. Pavarotti alisimulia kwamba ushindi ule ndio uliomtia moyo wa kuufanya uimbaji kuwa maisha yake.

Mwaka 1965 alizunguka Australia pamoja na soprano Joan Sutherland, na alikiri hadharani kwamba kutoka kwake ndipo alipojifunza kuitegemeza sauti kwa pumzi. Mwaka 1972, kwenye Metropolitan Opera mjini New York, alipiga do za juu tisa katika wimbo mmoja wa La fille du régiment ya Gaetano Donizetti, na jina lake likavuma. Tarehe 7 Julai 1990, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, aliimba mjini Roma pamoja na Domingo na José Carreras, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la opera wakajifunza neno tena.

Mambo mawili nimeyaweka moyoni. Kwanza, alijifunza kusikiliza wenzake akiwa kwenye safu ya tena, kabla ya kusimama peke yake. Pili, alipokuwa tayari anaimba jukwaani hakuona aibu kujifunza kutoka kwa mwimbaji mwenzake aliyekuwa wa sauti nyingine.

Kwa walimu wa kwaya na ndugu zangu wa sauti ya tatu

Mwalimu wa kwaya, kijana akija kwako na sauti iliyovunjika juzi, mpime kwa subira, kisha mweleze maana ya jina unalompa. Itakuchukua dakika chache. Mwambie kwamba tena ndiye aliyeushika wimbo, na kwamba alto na besi walipata majina yao kwa sababu yake. Mfundishe pumzi na ng' kabla ya kumdai noti ya juu. Nawe ndugu wa sauti ya tatu, Jumapili ijayo wengine wakipanda na kushuka na wewe ukabaki na soh yako, usiione ndogo. Ishikilie mpaka mwalimu akate.